Ama Hili, Au Lile

Kibao cha shule yetu kilikuwa na wenyewe wawili:
kushoto korongo wa serikali na taji lake,
kulia msalaba. Msalaba ulipakwa rangi kila Januari.
Korongo alichujuka mwaka hadi mwaka
akabaki mguu.

Tulitoka Tanganyika, mtaa wa Arua, si ile nchi,
mimi na Rehan na wana wa Fadimula,
tukipanda kilima, vikombe vya uji vikigonga mabegi.
Kengele ilikuwa rimu ya lori. Ikilia unasimama ulipo,
hata kama mguu mmoja uko hewani.

Kisha Baba Yetu.
Habuba alinionya: midomo ichezeshe,
moyo uache nyumbani.
Nikaichezesha. Lakini ulimi wa mtoto ni ulimbo,
hunasa kila kinachotua.
Jioni nikisugua sufuria
"utusamehe makosa yetu" ilinitoka
pamoja na maji ya jivu,
na Habuba akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Jumatano, kipindi cha tatu, Mwalimu Ezama alifuta ubao,
akasema bila kugeuka: "Waislamu, nje."
Hakusema kwa ubaya. Alisema
kama mtu anayetoa viti apate kufagia.
Mwalimu wetu sisi wa dini alikuwa ameahidiwa.
Tulimngoja miaka mitano kando ya tangi la maji.

Na Adriko, ambaye kwao walichinjia mababu jogoo mwekundu,
hakuambiwa atoke, hakuambiwa akae.
Alisimama mlangoni.

Dirisha juu ya tangi halikuwa na kioo.
Basi nilisoma. Niliwasikia wote wakipita:
Yona na tumbo lake la giza, Zakayo mfupi,
yule mjane wa senti mbili, Petro penye moto.
Nilimpenda Petro.
Nilijua kukana kunavyokuja:
unaulizwa tu, na kuna baridi.

Ayikoru, binti wa katekista, mwenzangu wa dawati,
alitoroka mara nne akakaa nasi, sweta kichwani,
akasema yeye ni Mwislamu mpaka saa tano.
Rehan alimfundisha Bismillahi.
Aliitamka vizuri kuliko mimi.
Mara ya tano babake alipita na baiskeli.

Darasa la saba, mtihani wa taifa,
karatasi ya mwisho, ukurasa wa mwisho:
jibu ya Kikristo, ama ya Kiislamu. Usijibu yote.
Nilitazama upande wangu. Nilikuwa na sura kumi na tatu kifuani
na hakuna hata moja iliyoulizwa.
Waliuliza vita, waliuliza miaka, waliuliza majina
ambayo tangi halikuwahi kunitajia.
Nikatazama upande wa pili:
Ni nani aliyemkana Yesu mara tatu?

Kalamu haikuomba ruhusa.
Niliandika Petro.
Nje hakuwika jogoo yeyote.
Ilikuwa saa nne, jua kali,
na rimu ya lori ikalia.

Daraja la kwanza! Habuba alichinja bata wawili,
akagawa kashata nyumba kwa nyumba,
akasema Mungu hamtupi mja wake, mnaona,
hata kule kwao hakumtupa.
Nilikula. Sitadanganya, bata alikuwa mtamu.
Nilimeza na lile la kusema,
na Habuba alizikwa kabla halijapanda tena kooni.

Leo nimeketi ofisini, kilima kile kile.
Tangi limepasuka, kuku hutagia ndani yake.
Korongo amepakwa upya, na taji lake limezidi ukubwa,
kama la mtoto aliyevaa kofia ya babake.
Binti yangu ana fomu mapajani. Amejaza jina,
amejaza kijiji, amejaza tarehe ya chanjo.
Amefika penye Dini, na visanduku vyake viwili.

"Mama," ananong'ona, "hapa naweza kutumia penseli?"

Mwalimu mkuu hainui kichwa.
Anasukuma kalamu ya wino juu ya meza.